Kuhusu data ya EEG ya wazee wa Lamu

Dadangu nimekuelewa, una rekodi za EEG, yaani vipimo vya umeme wa ubongo, za wazee, watafiti wa Uingereza wanazitaka na hujui uandike nini cha kuzieleza. Panga mafaili kwa mfumo wa BIDS, utaratibu wa pamoja wa kupanga data za ubongo, kisha kwenye README, faili la maelezo, eleza kila kolamu na kipimo chake. Mie nshapokea data kolamu imeandikwa "hali", ndani 1 na 2 tupu, mwenyewe keshahama, hakuna wa kumuuliza, data ikafa vile vile. Taja pia umeme wetu wa ukutani ni hezi 50, maana kelele yake huingia kwenye rekodi, na aliyezoea 60 ya Marekani atachuja kelele sipo. Majina toa, na mtaa pia, maana ukisema fundi jahazi wa Matondoni miaka 81 kila mtu keshamjua. Fomu za ridhaa ziliruhusu kugawa? Kaulize kwanza kamati ya maadili, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 ni kali.