Mmechati weee, sasa mnaonana: maswali yenu matano

Maswali ya kuonana laivu na mtu wa mtandaoni yamekuwa mengi, nimechukua haya matano maana mengine yanajirudia.

Tumechati miezi 8, selfi ananitumia kila siku ila kila nikimpigia video anasema kamera mbovu. Anataka tuonane wikendi hii, niende?

Usiende kwanza. Kamera mbovu miezi 8 na selfi mpya anakutumia kila siku, sasa hizo anapigia nini? Zipitishe Google Lens au TinEye, zile za kutafuta picha mtandaoni, uone kama hazipo mahali pengine kwa jina lingine, ila zisipotokea popote usishangilie, siku hizi akili bandia inatengeneza sura ambazo hazina mwenyewe duniani. Dawa ni video ya dakika 2 tu, mwambie ageuze uso pembeni au apitishe mkono mbele ya uso, zile sura za kubandika mara nyingine hapo ndo zinayumba. Mtu mkweli atakucheka afu atafanya. Akinuna ushapata jibu.

Anataka kuja kunichukua nyumbani na gari lake, nikikataa si ataona namdharau?

Inawezekana kabisa ni ustaarabu wake, ila kataa. Ukipanda gari lake siku ya kwanza, mlango, njia na muda vyote anavishika yeye, na akikurudisha kwako anapajua. Nenda mwenyewe urudi mwenyewe, mchana, penye watu. Kuna mtu mmoja unaemuamini umwachie jina lake, namba na mnapokutania, afu umrushie lokesheni laivu ya WhatsApp, pale kuna dakika 15, saa 1 na masaa 8, chagua masaa 8 isije ikakata mkiwa katikati ya stori. Chaji simu jamani. Na akianza "tuhamie kwa rafiki yangu pametulia", mwambie hapa hapa pametulia.

Anasema atakuja nikimtumia nauli.

Usitume. Nauli za watu zimeliwa sana.

Kwa chati tunaongea mpaka usiku wa manane, ila naogopa tukionana ntakosa cha kusema.

Utakosa, na ni kawaida. Mi siku yangu ya kwanza tulikaa kama dakika 5 kila mtu anachezea glasi yake, huyu huyu alokuwa ananitumia voisi noti ndefu kama hotuba, mara simu yangu ikatetema mezani, naangalia ni yeye, kaandika "mbona unaniangalia hivyo". Nikamjibu kwa simu vilevile, tukaanza kucheka, hapo ndo midomo ikafunguka. Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Joseph Walther, mwaka 1996 aliandika kwamba kwenye maandishi mtu anapata muda wa kujipanga na kuonesha mazuri yake, afu we unaesoma zile sehemu usizozijua unazijaza mwenyewe kwa uzuri, ndo maana ukaribu wa mtandaoni unaweza ukapita hata wa watu wanaoonana kila siku. Kwahiyo yule unaeenda kukutana nae nusu umemtengeneza we mwenyewe kichwani, mpe nafasi huyu wa kweli aongee polepole, ana sauti yake na aibu zake. Ikisaidia chagueni kitu cha kufanya, kutembea kwa mfano, mkiwa mnatembea kimya hakiumi sana. Na pua ikiwa ndogo kuliko ya kwenye selfi usiseme umetapeliwa, kamera ikiwa karibu na uso inaikuza pua. Akiwa amekuzidi miaka 15 aliyoificha hiyo sio kamera, hiyo ni kesi nyingine.

Nikimuona na roho ikakataa, naondokaje?

Mwambie mapema, siku mnapanga, kwamba una saa 1 tu. Mkifurahi saa itajiongeza yenyewe, msipofurahi unasimama, "asante tumeonana, mi nawahi", basi. Kama kakutisha hapo huna haja ya kuaga, nenda kwa mlinzi au mhudumu umwambie, blok ukiwa ushafika salama. Lakini kama hajakukosea na ni moyo tu haujamtaka, mwandikie mistari miwili kesho yake, usimpotezee. Mi nilishafanyiwa hiyo, nimemuuliza "umefika salama?", ile meseji ina tiki moja mpaka leo.