Turubai lilivyokula pesa za njiti

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, nimeona picha zenu za kofia za watoto njiti. Na sisi tunataka siku yetu ya kufuma Novemba 17. Tuanzie wapi?"

Nilicheka, halafu moyo ukaniuma. Picha alizoziona ni za mwaka jana. Za mwaka juzi sikuzitoa, na sitazitoa.

Novemba 17 ndiyo siku ya watoto njiti duniani, wale wanaozaliwa kabla ya wiki 37. Mwaka juzi nilikuwa na moto kweli kweli. Kikundi chetu hapa Tabata kina wanawake 14, wote wazoefu wa vitambaa vya makochi. Tukakubaliana tufume, tuuze siku moja, pesa iende wodi ya njiti, na kila mmoja wetu alete kofia za watoto. Mimi nikataka iwe shughuli ya kueleweka: turubai, viti, spika, MC, sare ya kitenge. Mnaijua hiyo hamu, msijifanye.

Watu walijaa. Pilau likaliwa, vitambaa vikaenda kwa bei ya kutupa maana kila mteja alikuwa ndugu wa mtu. Jioni mimi na mweka hazina tukakaa kwenye ngazi za nyumba yangu tukahesabu. Tulikuwa tumepata sh 680,000. Turubai na viti 250,000. Spika na MC 150,000. Pilau 230,000. Ikabaki 50,000. Tukahesabu tena. Ikabaki ile ile.

Wiki haikuisha, maneno yakaanza: pesa zote zile kapeleka wapi? Aliyeyaanzisha tulikuwa tunakaa naye bega kwa bega kwenye VICOBA. Mpaka leo hajaniomba radhi. Nimemsamehe, ila salamu zangu kwake siku hizi ni fupi.

Ile 50,000 tukanunua nepi, tukabeba na kofia 63 mpaka wodini. Muuguzi alitupokea vizuri, akachukua kofia moja, akatumbukiza ngumi yake. Ikazama mpaka kwenye saa ya mkononi. "Mama zangu," akasema taratibu, "hizi watazivaa wakifika miezi mitatu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kichwa cha mtoto wa kilo moja ni kama chungwa kubwa tu. Yale matundu ya maua tuliyojivunia ndiyo yanayopitisha baridi. Shanga na vifungo navyo havitakiwi, vinaweza kung'oka. Akatuonyesha mama mmoja aliyekaa na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kitoto kina nepi, soksi na kofia, basi. Hiyo ndiyo huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipoelemewa na mashine za joto hazitoshi. Njiti hupoteza joto jingi kupitia kichwani, kwa hiyo ile kofia nayo ni tiba. Na sisi tulikuwa tunafuma mapambo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, anzia wodini. Kabla hujanunua uzi, nenda ukaulize.

Mwaka jana hatukukodi kitu. Tulitandika mikeka barazani kwangu, chai ya tangawizi, kila mtu na kikombe chake. Kiingilio kilikuwa donge moja la uzi laini wa pamba. Katikati tukaweka machungwa. Ukimaliza kofia unalivisha chungwa, ikipwaya unafumua. Bibi mmoja, fundi kuliko sisi wote, alifumua mara tatu huku akisonya, ya nne ikakaa kama imezaliwa nalo. Vitambaa tuliviuza kwa oda tu, nusu ya pesa mbele kwa M-Pesa. Tulipata sh 412,000, pungufu ya mwaka juzi, lakini matumizi yalikuwa 38,000. Fanya hesabu mwenyewe. Na daftari nililisoma kwa sauti mbele ya wote, mstari kwa mstari, nikimtazama mtu fulani machoni.

Wanawake wenzangu, tunapenda kuonekana. Tunachangisha kwa jina la mtoto wa gramu 1,200, halafu anayefaidi ni mwenye turubai. Tuache. Nenda wodini kwanza, nimeshasema na narudia. Andika kila shilingi, hata ya kiberiti. Pilau kila mtu akale kwake.

Mwaka huu tunaanza mapema, kila Jumamosi saa tisa alasiri, barazani pale pale. Njoo na uzi, na chungwa lako pia. Ya mwaka jana wanangu waliyala kabla hatujamaliza kupima.