Kijana, usiombe radhi kwa maoni yako juu ya kitabu cha historia

Juzi nilipata ujumbe wa msomaji wa miaka 15: "Shikamoo dada. Nimemaliza kitabu kuhusu Mdororo Mkuu wa Uchumi wa Marekani, ule wa miaka ya 1930 uliowaacha mamilioni bila kazi. Mabenki yamejaa, marais wamejaa, watoto siwaoni. Nikiandika hivyo nitaonekana mjuaji?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa kidonda.

Nilipokuwa na miaka 14 niliandika maneno karibu hayohayo, kurasa mbili, juu ya kipindi hichohicho. Mwalimu alizisoma mbele ya darasa, akasema mtoto hana la kuieleza historia. Wenzangu wakacheka. Nilizichana, na kwa miaka mingi sikuthubutu kutoa maoni juu ya kitabu chochote.

Mwezi uliopita nimekamilisha makala yangu ndefu kuhusu watoto wa miaka ile. Naionea fahari, sifichi. Kumbe walikuwepo! Mwaka 1933, wakati mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi, vijana wanaokadiriwa kufika 250,000 walikuwa wakizunguka nchi kwa kudandia treni za mizigo. Wengine waliingia kambi za serikali za kupanda miti: mshahara dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zinatumwa nyumbani kwa wazazi. Wasichana walivaa magauni yaliyoshonwa kwa mifuko ya unga, hata viwanda vikaanza kuichapa maua mifuko hiyo. Na Aprili 14, 1935, vumbi lilipofunika nyanda za Oklahoma mchana ukawa usiku, kuna mtoto aliyekuwa akisaidia kutundika shuka mbichi madirishani.

Kwa hiyo ulichokiona ni pengo la kweli, si ujuaji. Soma na penseli mkononi. Tia alama ukurasa uliokuuma, tia alama na ule uliokuchosha, kisha uliza ni nani hakupewa nafasi ya kusema. Ukisema kitabu kinachosha, taja ukurasa. Takwimu nazo usizibeze, maana mabenki yale yalipofunga milango, akiba ya baba wa mtu ilipotea, na ndipo mwanawe akadandia treni. Mwandishi aliishia mlangoni mwa benki. Wewe mfuate mtoto hadi relini.

Andika leo, kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Kisha nitumie. Nitazisoma kurasa zako zote.