Maswali na Majibu: Pulsa, Kilimia na Galaksi Jirani

Maswali ya wasomaji kuhusu anga yamekuwa mengi, na mengi yao yanahusu pulsa. Nimeanza na hayo.

Pulsa ni kitu gani hasa, na kwa nini wanasayansi huzitumia kama saa? (Msomaji, Kasarani)

Nyota yenye maada inayozidi ya Jua letu zaidi ya mara nane inapoishiwa na fueli yake ya nyuklia, kiini chake huporomoka ghafla na tabaka zake za nje hulipuka. Mara nyingi kinachobaki ni nyota ya nutroni, ambayo hukusanya maada ya takriban Jua moja na nusu ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 hivi, sawa na umbali wa kutoka katikati ya jiji letu la Nairobi hadi mji wa Ngong. Nyota ya namna hiyo huzunguka kwa kasi huku ikitoa miali ya redio kwenye ncha zake za sumaku, na kila mwali unapopita upande wetu darubini hunasa pigo moja. Nyota hiyo ndiyo tunayoiita pulsa.

Pulsa ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, Uingereza, alipoona kwenye karatasi za kurekodia alama iliyojirudia kila baada ya sekunde 1.34 hivi. Tuzo ya Nobel iliyotokana na ugunduzi huo, mwaka 1974, ilikwenda kwa msimamizi wake Antony Hewish na mwenzake Martin Ryle. Naungana na wanaoamini kwamba kamati haikumtendea haki. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine yenye thamani ya dola milioni 3, fedha zote alizitoa kufadhili wanafunzi wa fizikia kutoka jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha.

Usahihi wa saa hizi unatokana na uzito wao: gimba zito kiasi hicho likishaanza kuzunguka, ni vigumu kulipunguza mwendo. Pulsa ya haraka kuliko zote zinazojulikana huzunguka mara 716 kwa sekunde, na zile tulivu miongoni mwa jamaa zake zinaweza kutabiriwa kwa miaka mingi bila kukosea hata sehemu ya milioni ya sekunde.

Mwalimu, nilisoma kwamba pulsa zimegundua mawimbi ya mvutano. Nyota iliyo mbali hivyo inapimaje mawimbi? (Mwanafunzi, Eastleigh)

Nyota haipimi chochote. Tunaopima ni sisi, kwa kuangalia kama mapigo yake yanafika kwa wakati. Wimbi la mvutano hunyoosha na kubana anga lenyewe linapopita. Likipita hapa kwetu, mapigo ya pulsa za upande mmoja wa mbingu huwahi kidogo na ya upande mwingine huchelewa kidogo. Pulsa moja haitoshi, kwa sababu inaweza kuyumba kwa sababu zake yenyewe. Kinachotafutwa ni ulinganifu: ucheleweshaji wa pulsa mbili unapaswa kuhusiana kulingana na pembe iliyo kati yao angani, kama Hellings na Downs walivyokokotoa mwaka 1983.

Mwezi Juni 2023 kundi la NANOGrav la Amerika Kaskazini lilitangaza kwamba limeona dalili za ulinganifu huo katika data za miaka 15 kutoka pulsa 68, na makundi ya Ulaya na India, Australia na China yakatoa matokeo yanayoelekea huko huko. Mawimbi haya si yale yaliyonaswa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, ambayo yalidumu chini ya sekunde moja. Kilele kimoja cha haya hufuatwa na kingine baada ya miaka kadhaa, na chanzo kinachodhaniwa zaidi ni mashimo meusi (magimba yenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka) makubwa mno yanayozungukana mawili mawili katikati ya galaksi zilizoungana. Ninasema kinachodhaniwa kwa makusudi, maana hakuna jozi hata moja iliyokwisha kuthibitishwa kwa njia hii.

Afrika nayo imo. Darubini ya MeerKAT iliyoko Karoo, Afrika Kusini, yenye madishi 64 ya kipenyo cha mita 13.5 kila moja, ilitoa mwishoni mwa mwaka 2024 matokeo yake kutoka pulsa 83 zilizofuatiliwa kwa miaka minne na nusu.

Je, Kenya imewahi kuchangia lolote katika utafiti huu, au sisi ni watazamaji tu? (Msomaji, Umoja)

Imechangia, na inashangaza jinsi jambo hili linavyotajwa kwa nadra shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni kule Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa unajimu wa eksirei. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu, ilipewa jina la Uhuru. Setilaiti yenyewe ilikuwa ya Marekani na walioendesha jukwaa walikuwa Waitaliano. Mchango wetu ulikuwa pwani iliyo karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo wa ziada.

Uhuru ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha hutoweka kwa muda kila baada ya siku mbili na kidogo. Maelezo yalikuwa haya: ni nyota ya nutroni inayofyonza gesi ya nyota mwenzake, na hutoweka inapopita nyuma yake. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 navyo vilisaidia kukitambua chanzo hicho kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ni kweli galaksi yetu itagongana na galaksi jirani ya Andromeda? (Msomaji, Lang'ata)

Hapo awali tuliambiwa ni hakika. Uchambuzi uliochapishwa Juni 2025, uliotumia vipimo vya darubini za Gaia na Hubble na kuhesabu pia mvuto wa galaksi ndogo za jirani, unaweka uwezekano wa kuungana katika miaka bilioni 10 ijayo kuwa karibu nusu kwa nusu. Hata zikikutana, nyota zimeachana mno kiasi kwamba ni nadra moja kuigonga nyingine.

Babu alikuwa akisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Sasa nasikia Kilimia ni kikubwa kuliko tunavyokiona? (Msomaji, Buruburu)

Ndiyo. Kilimia ni kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, na utafiti wa mwaka 2025 ulihusisha zaidi ya nyota 3,000 na asili moja na Kilimia, na hivyo kundi hilo likaonekana kuwa kubwa mara 20 hivi. Nyota hizo zimetawanyika, kwa hiyo ukaribu peke yake haukutosha kuzitambua. Watafiti walitumia kasi ya kuzunguka, iliyopimwa na darubini ya TESS, kwa kuwa nyota za aina ya Jua hupunguza mzunguko kadiri zinavyozeeka, na zilizo na umri mmoja huzunguka kwa namna inayofanana. Gaia ikaongezea mahali na mwendo wa kila moja.

Naweza kuona galaksi nyingine bila darubini nikiwa Nairobi? (Msomaji, Donholm)

Ukiwa Donholm, sitakudanganya: taa za jiji hazitakuruhusu. Nenda upande wa Magadi usiku usio na mbalamwezi. Jioni za Novemba tafuta Andromeda upande wa kaskazini, doa hafifu lililo umbali wa miaka-nuru milioni 2.5 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwezi Januari tazama kusini, chini kidogo angani, utaona Wingu Kubwa la Magellan.