Maswali Yenu: Moyo Unaposimama Ghafla

SWALI: Jirani yetu alidondoka msibani. Alikuwa hajitambui, ila mara moja moja alivuta pumzi kwa nguvu huku akikoroma. Watu wakasema anapumua, asiguswe. Tulipaswa kufanya nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni. Hapo ndipo wengi hupotezea dakika. Moyo ukisimama ghafla, ubongo huendelea kwa muda kutuma amri ya kuvuta hewa, na mtu hutanua taya kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Asiyejitambua na asiyepumua kawaida, kandamiza kifua. Bila damu, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Usihangaike kutafuta mapigo ya mshipa. Asiyezoea huishia kuhisi ya vidole vyake mwenyewe.

Mgonge mabegani, mwite kwa sauti, mtazame kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kisha mwelekee mtu mmoja: "Wewe mwenye shati jeupe, piga 112, halafu tafuta gari." Ukisema "jamani pigeni simu", kila mtu atadhani mwenzake keshapiga.

Alale chali sakafuni. Kitandani godoro ndilo litakalobonyea. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, si kwenye ncha yake inayoelekea tumboni. Mkono wa pili uwe juu ya wa kwanza, viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono ili uzito wa mwili ndio usukume. Kina ni sentimita 5, usipite 6. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza, acha kifua kirudi juu kabisa, maana moyo hujaa damu kinapopanda. Anayekiegemea anasukuma moyo mtupu, na kosa hili hata waliosoma hulifanya wakichoka. Kwa hiyo pokezaneni kila dakika 2, haraka, bila kusimama.

Aliyefundishwa hutoa pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyefundishwa aendelee kubonyeza tu.

SWALI: Je, nikimvunja mbavu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda ikatokea, hasa kwa mzee. Hakikisha mikono haijateleza pembeni, kisha endelea. Mbavu huunga.

SWALI: Huku kwetu aliyezama hubebwa kichwa chini na kuminywa tumbo ili maji yatoke. Ni sawa?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hapana. Maji ya tumboni siyo yanayomuua. Anakufa kwa kukosa hewa. Kumminya tumbo humtapisha, na matapishi yakashuka mapafuni. Kwa huyu hewa ndiyo ya kwanza. Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, bana pua, mpe pumzi 5, kila moja kwa takriban sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda. Ndipo uendelee na 30 kwa 2. Aliyedondoka ghafla nchi kavu damu yake bado ina oksijeni kiasi, ndiyo maana kubonyeza peke yake humfaa mwanzoni. Ya aliyezama imekwisha. Povu likimtoka mdomoni, usikae kulifuta, litaendelea kuja.

SWALI: Nimetazama video nyingi za mambo haya. Bado nahitaji kozi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaihitaji. Video zinakuonyesha mpangilio, lakini hazikupi kipimo cha sentimita 5. Wengi wakigusa sanamu la mazoezi kwa mara ya kwanza hubonyeza juu juu, kwa woga. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza Tanzania na Kenya. Popote utakapokwenda, kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kila mwanafunzi atabonyeza sanamu mwenyewe, au mkufunzi ataonyesha na wengine kutazama? Na lipo la kichanga? Mtoto wa chini ya mwaka hubonyezwa kwa madole gumba mawili, kina cha sentimita 4 hivi, na hilo halijifunzwi kwa sanamu la mtu mzima.

Vyeti vingi huisha baada ya miaka 2, lakini mikono husahau ndani ya miezi. Nyumbani, mto mgumu sakafuni unatosha kuzoesha mwendo na viwiko. Usimfanyie mazoezi ndugu yako mzima wa afya. Unaweza kumuumiza kweli.