Matawi yanafika makao makuu, ila yenyewe hayafikiani

Ndugu, kama kila tawi linapata ping ya makao makuu lakini si ya tawi jingine, laini zako za fremu rilei (mtandao wa kukodi wa kampuni ya simu unaounganisha ofisi) ni nzima. PVC zote mbili (njia pepe za kudumu, moja kwa kila tawi) umezirundika kwenye intafesi moja ya ruta, na EIGRP (itifaki ambayo ruta hutumia kupashana njia) haitangazi njia kupitia mlango uleule ilioingilia.

Kwenye ruta ya makao makuu, ondoa anwani ya IP kwenye Serial0/0, bakiza `encapsulation frame-relay`. Unda intafesi ndogo Serial0/0.102 na .103, moja kwa kila tawi, zote `point-to-point`, kila moja na /30 yake, yaani mtandao mdogo wa anwani mbili (na kila tawi lichukue anwani ya pili ya /30 yake), kisha `frame-relay interface-dlci 102` na 103, kila moja kwenye intafesi yake (DLCI ni namba inayotambulisha PVC). Usiifanye kwa telnet kupitia laini hiyohiyo, utajifungia nje.

Kisha angalia hali ya kila PVC kwa `show frame-relay pvc`. INACTIVE: kagua ruta ya tawi. DELETED: swichi ya kampuni ya simu haiitambui DLCI hiyo, wapigie.