Mama asiitupe pampu: majibu yangu kwa mleta mada

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama mama yako aiache pampu ya bluu (ya kuvuta, yenye salbutamoli), kwa sababu mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, na majirani wamemjaza maneno kwamba pampu inaua. Umesema pia anameza "vidonge vya kifua" vya duka la dawa, na kwamba hospitali moja ilimwambia ana pumu, nyingine ikamwambia ana ugonjwa sugu wa mapafu.

Mimi si daktari. Nina pumu tangu shule ya msingi, na mama yangu mzazi ana huo ugonjwa sugu wa mapafu baada ya kupikia kuni maisha yake yote, Njombe, kwenye jiko la nje ambalo kipindi cha baridi linafungwa mlango. Dawa hizi tunaishi nazo nyumbani, zake na zangu.

Jibu langu: asiiache pampu. Vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi.

Fanya hesabu kidogo. Pampu ya kawaida ya salbutamoli hutoa mikrogramu 100 kila ukibonyeza. Kidonge cha salbutamoli cha mtu mzima mara nyingi ni miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000. Kidonge kimoja ni sawa na kubonyeza pampu mara 40! Na hicho kidonge hakiendi kifuani moja kwa moja. Kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, na huko njiani kinakutana na misuli ya mikono na moyo. Pampu nayo inaweza kuleta mtetemeko, hasa ukivuta nyingi kwa mkupuo, lakini mtu anayetumia vyote viwili halafu analaumu pampu peke yake, mimi ningeangalia paketi ya vidonge kwanza. Miongozo ya kimataifa ya pumu, ile ya GINA, haipendekezi salbutamoli ya kumeza, iwe vidonge au dawa ya maji ya watoto. Inaendelea kununuliwa kwa sababu ni rahisi na haina maneno ya mtaani kama pampu.

Angalia pia kama vidonge vyake vina theofilini au aminofilini (dawa za kupanua njia za hewa; aminofilini mwilini hugeuka theofilini), na vingine vimechanganywa na efedrini. Hapa naomba usome taratibu. Dozi ya theofilini inayosaidia na dozi inayodhuru zimekaribiana sana. Ikizidi, mgonjwa anaanza kichefuchefu, anatapika, hapati usingizi, mapigo ya moyo yanaruka, na ikifika mbali ni degedege. Na kuzidi kwenyewe si lazima ameze vingi. Antibiotiki za siprofloksasini na erithromaisini huipandisha kwenye damu hata kama vidonge ni vilevile. Mvutaji sigara akiacha sigara, inapanda pia, kwa hiyo dozi lazima iangaliwe upya. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaishusha.

Hili limeshafika nyumbani kwetu. Mama alikuwa kwenye aminofilini, akaenda kituo kimoja cha afya na maumivu ya njia ya mkojo, akaandikiwa siprofloksasini bila kuulizwa anatumia nini. Siku ya pili anatapika, macho makavu usiku kucha, anasema kifua kinapiga ngoma. Tuliokuwa naye tulidhani ni malaria. Aliyegundua ni dada mfamasia wa jirani, kwa swali moja tu: "Bibi anameza nini kingine?" Tukamrudisha hospitali, aminofilini ikasimamishwa na daktari, akatulia. Kwa hiyo usimkatishe mama vidonge wewe mwenyewe kwa kusoma maneno yangu. Nenda navyo kwa daktari wiki hii.

Sasa hii habari ya pampu kuua. Naelewa inakotoka: watu wamemwona mgonjwa akikata roho pampu ikiwa mkononi. Lakini pampu ya bluu kazi yake ni kulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Inaanza kazi ndani ya dakika chache, inadumu saa 4 hadi 6. Ule uvimbe ulioko ndani ya njia za hewa za mwenye pumu haiugusi kabisa. Mtu anavuta, anapata nafuu, anarudi shambani, na uvimbe unaendelea kukua chini kwa chini mpaka siku pampu inapogonga mwamba. Anachokosa ni dawa ya kutuliza uvimbe, ile ya steroidi ya kuvuta.

Hili halikuanza jana. New Zealand vifo vya pumu vilipanda sana baada ya dawa ya kuvuta ya jamii moja na salbutamoli, iitwayo fenoteroli, kuingia mwaka 1976, na vikashuka ilipowekewa vikwazo mwishoni mwa miaka ya 1980. Uingereza, ripoti ya vifo vya pumu ya mwaka 2014 iliangalia waliofariki wakiwa wanatumia dawa za nafuu ya haraka, na kati ya wale ambao kumbukumbu zao zilipatikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2019 GINA ikasema wazi kwamba mwenye pumu, kuanzia miaka 12 kwenda juu, asitibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Wengi siku hizi wanapewa pampu yenye budesonaidi (steroidi) na formoteroli (ya kupanua njia za hewa) pamoja, ambayo inaleta nafuu haraka na kutuliza uvimbe kwa wakati mmoja. Kama mfuko unaruhusu, muulize daktari kuhusu hiyo.

Kipimo ninachokitumia mwenyewe ni kalenda ya ukutani. Nikifungua kikopo kipya naandika tarehe. Kikopo kina mibonyezo 200. Miongozo inasema pampu 3 au zaidi kwa mwaka ni dalili kwamba hatari ya kubanwa vibaya inapanda, na 12 au zaidi hatari ya kifo inapanda. Pampu 3 kwa mwaka haifiki hata mibonyezo miwili kwa siku! Watu wengi wanaojiona wako sawa wameshavuka hapo zamani.

Lakini mama yako huenda si pumu, na hapa ndipo zile kauli mbili za hospitali zinapokuwa na uzito. Kwenye ugonjwa sugu wa mapafu, wa moshi au sigara, dawa za kupanua njia za hewa zinazodumu muda mrefu ndizo nguzo, na zinaweza kutumika bila steroidi. Kwenye pumu, hizohizo za muda mrefu kama salmeteroli, zikitumiwa bila steroidi, ni za hatari. Dawa moja, majibu tofauti. Kwa hiyo dai kipimo cha spirometa: anapuliza kwenye mashine, anapewa salbutamoli, anasubiri, anapuliza tena. Ukigharimia kitu kimoja mwaka huu, gharimia hicho.

Halafu mwangalie anavyovuta. Nimeona watu wazima wanaobonyeza pampu mdomo wazi kama wanapuliza manukato, dawa yote inaishia ulimini. Atikise kikopo, atoe pumzi yote nje, abane midomo kwenye pampu, aanze kuvuta hewa polepole ndipo abonyeze mara moja, aendelee kuvuta mpaka mwisho, abane pumzi kama sekunde 10. Kama anahitaji ya pili, asubiri nusu dakika hadi dakika moja, atikise tena.

Wazee na watoto hilo la kubonyeza na kuvuta kwa pamoja huwashinda, na spesa ya dukani, kile chombo cha kuunganisha na pampu ili dawa ikae humo kwanza ndipo ivutwe, ni ghali. Tumia chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Si ujanja wa mtaani huo: watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Unatoboa kitako kwa waya uliopashwa moto, tundu lifuate umbo la mdomo wa pampu, libane hasa. Pakiachia nafasi unaziba kwa gundi na kuiacha ikauke kabisa. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara kadhaa, ndipo unabonyeza tena. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme wa msuguano na dawa inang'ang'ania ukutani badala ya kwenda kifuani. Ya mama tuliitengeneza hivyo, na tangu hapo hajarudi kuomba vidonge.

Pampu ya steroidi, akimaliza asukutue na kutema, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni. Na ile habari ya kuelea kikopo kwenye maji kujua kama kimeisha, achaneni nayo, haitoi jibu la kuaminika.

Siku akibanwa kweli: akae wima, asilale. Mibonyezo 4 kwa chupa, mmoja mmoja, subiri dakika 4, rudia kama hajapata nafuu, na wakati huo mtu mwingine anatafuta usafiri. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, ngozi ya mbavuni ikivutwa ndani, au kifua kilichokuwa kinalia kikanyamaza ghafla huku bado anahangaika, msisubiri dakika hizo 4 ziishe. Ondokeni, mkiendelea kubonyeza njiani. Mkifika, waambieni huenda ana ugonjwa sugu wa mapafu, kwa sababu wagonjwa hao wakipewa oksijeni, kiwango chake kwenye damu hulengwa asilimia 88 hadi 92, kisipitilizwe.

Ukienda kliniki weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile anazoona hazihusiani na kifua. Propranololi ya presha inaweza kubana njia za hewa na kuizuia salbutamoli isifanye kazi. Matone ya macho ya timololi nayo hivyohivyo, na wazee wengi wa presha ya macho wanayo. Kama ana presha ya macho na anapewa ipratropiamu, dawa nyingine ya kuvuta ya kupanua njia za hewa, isimwingie machoni, hasa kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) yenye barakoa iliyolegea. Diklofenaki na aspirini huwabana baadhi ya wenye pumu, kwa hiyo aseme kama amewahi kubanwa baada ya kumeza dawa ya maumivu.

Ukipata nafasi, andika hapa majina yaliyoko kwenye paketi za vidonge na kwenye kikopo, pamoja na miligramu zake. Humu wapo wafamasia, watakuambia mapema kipi kimfikie daktari kwanza.